Aliyepunga Kitambaa

Rukia mwanangu,

Hadithi ya Puthukara kila mtu anaihadithia vibaya. Ami Shee akiwa Houston huwaambia watu kwamba nilikaa kijiji kile wiki mbili na tumbo likaniendesha wiki zote mbili. Uongo. Nilikaa miezi minne, na tumbo lilikuwa siku tisa tu. Mamako naye husema kwenye meli nilikuwa mmenya vitunguu. Mimi nilikuwa msaidizi wa mpishi, bibi we! Kumenya vitunguu ni sehemu ndogo ya kazi hiyo, ingawa ndiyo sehemu niliyokuwa nikipewa. Na wewe ulipokuwa mdogo hapa Mesquite, Texas, uliandika insha kwamba babako aligundua kijiji kule India. Mwalimu akakuwekea nyota. Nikaibandika kwenye friji, na sikusahihisha neno.

Leo naihadithia mwenyewe, na ndiyo mara ya kwanza naihadithia sawasawa.

Nakuandikia nikiwa ndani ya gari, hapa chini kwenye parking, jua la alasiri linanipiga shavu. Nimefukuzwa nyumbani kwangu. Juu kumejaa wanawake, kuna hina mpaka kwenye swichi ya taa, na mkweo, mamake Nabil, namsikia hadi huku akicheka. Mamako ameshakuandikia karatasi tatu: mchele uoshe mara ngapi, nguo nyeupe usichanganye, simu upige siku gani. Hayo ni yake. Mimi mchele wangu unajua huwa unageuka uji. Na andishi langu usilicheke. Skuli niliishia darasa la tatu, na hilo la tatu nilikuwa naingia kwa dirisha natoka kwa dirisha.

Hadithi unayoijua wewe ni hii. Mimi, kijana wa Mombasa, nilipanda ulingoni, nikaona samaki ambao macho ya wenyeji hayakuwaona, nikapunga kitambaa chekundu, kijiji kizima kikala samaki wiki nzima, nikabebwa mabegani. Niliihadithia Vickery Meadow, mtaa wetu wa kwanza tulipofika huku, hatuna hata kochi, majirani wamekaa kwenye ndoo. Nimeihadithia kazini ghalani kwa Wakongo mpaka msimamizi akaja kututawanya. Nimeihadithia harusini, na Mungu anisamehe, nimeihadithia matangani.

Na ndiyo hadithi iliyokuozesha. Unakumbuka lile duka Houston, tulipoingia kutafuta iliki? Nikamsikia mwenye duka anavyoongea, nikamwuliza kwao wapi, akanitajia Puthukara. Nikapiga makofi! Nikaanza. Wewe ukasema, "Dad, please, not again," ukajitenga ukaenda kusimama upande wa mchele. Na upande wa mchele alikuwapo mwanawe, Nabil, anapanga magunia. Nilipofika pale ninapobebwa mabegani, nyinyi wawili mlikuwa mmeshapeana namba.

Basi sikia ilivyokuwa.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Meli yetu, meli ndogo ya mizigo, iliharibika injini, ikavutwa bandarini kule kusini mwa India kungoja vyuma. Mpishi mkuu alikuwa mtu wa huko, akiitwa Moidu. Akaniambia, "Ukikaa kwenye meli utakula kunguni. Twende kwetu." Nikaenda. Ndiyo Puthukara hiyo.

Mwanangu, nilishuka kwenye basi nikadhani nimerudi nyumbani. Wanawake wamekaa kwenye mbuzi wanakuna nazi, kama bibi yako. Wengine wanaponda makumbi ya nazi kwa magongo, wengine wanarudi kinyumenyume na usumba, zile nyuzi zake, kiunoni, wanasokota kamba ndefu kama uchochoro. Samaki wameanikwa mchangani, na kunguru ni wale wale majambazi. Msikiti mmoja, kisima kimoja, na juya moja. Juya ni ule wavu mkubwa wa kuvutwa kutoka ufukweni. Lile lilikuwa la kijiji kizima. Boti inalizungusha baharini, kamba moja inakuja upande huu wa ufuko, nyingine upande ule, na watu wanazishika wanavuta: wazee, wanawake, mwalimu wa chuoni, kila aliye na mikono. Aliyegusa kamba ana fungu lake. Ajuza asiyeweza kuvuta, wanamletea kamba aiguse kwa kidole, naye apate.

Lakini boti haijui samaki walipo. Anayejua ni mtu mmoja, aliyekaa juu ya ulingo wa miti pale juu ya mchanga, na kitambaa chekundu mkononi. Anatazama maji. Kundi la samaki likipita, maji yanapiga weusi. Basi akikipeleka kitambaa kulia, boti inakwenda kulia. Akikishusha, inangoja. Akikizungusha juu ya kichwa, wanatupa juya. Mtu huyo alikuwa Mzee Koya. Kijiji kizima kilikuwa kinakula kwa macho yake.

Na mimi nilishajitangaza. Nilimwambia Moidu na kila mwenye masikio kwamba kwetu Mombasa babangu ni mtazama bahari, na babu yake vilevile, na mimi naona samaki hata kwenye kiza. Babu yako, Mungu amrehemu, alikuwa mshona kofia. Bahari aliijua akienda kunawa miguu. Na mimi hata kuogelea sijui, ndiyo maana nilipokupeleka swimming pale Mesquite nilikaa kwenye kiti na koti.

Mzee Koya akanipenda. Sijui kwa nini. Nilikuwa natembea kwa mikono ufukweni, miguu juu, watoto wananifuata, naye anacheka kule juu mpaka anakohoa. Akaanza kunipandisha ulingoni. Hatukuwa na lugha, tulikuwa na vidole. Ananionyesha: ule weusi unaokwenda na upepo ni kivuli cha wingu, uache. Ule unaokwenda kinyume, ndio samaki. Na ule usiokwenda popote ni mwamba. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu anayeambiwa mambo ya kitoto.

Ijumaa moja, asubuhi, boti iko majini inangoja. Mzee akataka kushuka kutia udhu. Akanipa kitambaa mkononi, akanikunja vidole juu yake. Akanionyesha kwa ishara: kishike tu, wakuone kuna mtu. Usikiinue.

Akashuka. Nikatazama maji. Nikaona weusi, mkubwa, mwanangu, kama uwanja wa mpira. Haukwenda na upepo. Ningengoja kidogo ningeona kwamba haukwenda kokote. Lakini chini pale walikuwapo wasichana wawili wasokota kamba wananitazama, na mimi nilikuwa na miaka ishirini na mbili na kitambaa chekundu.

Nikakizungusha juu ya kichwa.

Boti ikaondoka, watu kumi na mbili wanapiga makasia wanaimba. Juya likatupwa. Watu wakatoka majumbani na vikapu, ndiyo furaha yenyewe hiyo, wakashika kamba. Wakavuta. Likaja kidogo, likakwama. Wakaona ni uzito wa samaki, wakapiga kelele za furaha, wakavuta kwa nguvu zaidi. Na mimi juu pale, nyuma ya migongo yao, nimenyoosha kifua!

Lilipochanika, kamba zote mbili zililegea mara moja. Watu wakaanguka nyuma, mstari mzima, na vikapu vyao. Wengine wakacheka, maana hawakuelewa. Halafu boti ikapiga kelele kutoka kule, na kicheko kikakatika.

Mzee Koya alikuwa anarudi, miguu bado ina maji. Alinikuta nimesimama chini ya ulingo, kitambaa mkononi. Aliangalia bahari, akaangalia kitambaa. Watu walikuwa wanakuja mbio. Akanichukulia kile kitambaa mkononi, polepole, kama unavyomwondolea mtoto kisu. Msimamizi wa juya akafika na pumzi juu, akauliza neno moja. Kimalayali changu, lugha ya kule, kilikuwa cha kuombea chumvi, lakini hilo nililielewa. Aliuliza nani.

Mzee akasema, "Mimi."

Wale wasichana wawili wakainama, maana kule neno la mzee halipingwi. Yeye hakunitazama. Mimi nilikuwa mgeni wa nyumba ya Moidu, na kule mgeni haaibishwi mbele ya watu. Alinipa nafasi, Rukia. Alisema lile neno lake akanyamaza, na kulikuwa na kimya cha kutosha mtu kusema "hapana, ni mimi." Kilikuwa kimya kirefu. Nimekaa miaka arobaini na kitu nakipima, na kila mwaka kinazidi urefu.

Sikusema kitu.

Hakuna aliyenibeba mabegani. Walilibeba juya. Watu thelathini, limewalalia mabegani linachuruzika maji, utadhani jeneza. Hapo ndipo nilipoyapata yale mabega.

Kulishona kulichukua wiki saba. Wiki saba kijiji kile kilikula muhogo na dagaa wa kuokota. Kila nikipita, Mzee Koya amekaa chini na wengine anashona, na ulingoni amekaa mtu mwingine. Nami kila siku nilisema: leo. Halafu nikimkaribia natembea kwa mikono. Watu wanacheka, naye anacheka kidogo, kwa adabu. Ndivyo nilivyojifunza kwamba watu wakicheka hawakuulizi kitu. Nimeishi kwa hilo maisha yangu yote. Sasa unajua kwa nini siku mamako alipopoteza mimba nilikuwa jikoni nawachekesha manesi. Na kwa nini siku uliyofeli ule mtihani wako wa kwanza ukaja kulia kwangu, nikakupigia hadithi ya punda. Ulicheka, halafu ukaenda chumbani ukafunga mlango. Niliusikia mlango. Nilijua ni mlango wa aina gani.

Siku injini ilipopona Moidu akaja kunichukua. Nilipokuwa napanda basi, niligeuka nikamwona Mzee Koya amesimama kando ya ulingo. Akainua kitambaa chake, akakipunga mara tatu juu ya kichwa. Nikamwinulia mkono. Nimeitembea dunia na ile picha.

Sasa njoo Mesquite, siku walipokuja kukuposa. Nilikuwa na raha yangu. Bwana Ashraf, baba mkwe wako, amekaa chini ya kile kitambaa chekundu nilichokitundika sebuleni, ninachowaambia watu kwamba ndicho chenyewe cha ulingoni. Mwanangu, kile nilikinunua dukani kwake, siku ile ile ya iliki, wewe uko kwenye mchele. Alikitazama, akanitazama mimi, akachukua sambusa. Mtu muungwana yule.

Nikawatania: "Kwenu bwana harusi ndiye anayehamia kwa mke. Nimeona kwa macho yangu! Basi mleteni Nabil Mesquite, tushamwandalia kitanda na mifagio." Wakacheka, maana ni kweli, kule Puthukara mwanamume ndiye anayekwenda na begi lake. Bi Zainaba, mamake Nabil, akasema, "Hayo tuliyaacha kule. Houston tumeharibika kama watu wengine." Kisha akanigeukia akasema, "Mimi nakukumbuka."

Nikasema, "Kila mtu ananikumbuka, Bi Zainaba. Uzuri ni mzigo."

"Ulikuwa unatembea kwa mikono. Nilikuwa na miaka minane. Babangu alikuwa akicheka mpaka anakohoa."

Nikamwuliza, "Babako nani?"

"Koya. Wa ulingoni."

Ulikuwa unaleta chai. Uliniuliza, "Dad, you okay?" Nikasema pilipili.

Akaendelea, kwa upole kabisa, kama anayemsimulia ndugu. "Ulikuwapo juya lilipochanika?" Nikamwambia nilikuwapo. "Basi unajua. Macho yalikuwa yameshaanza kumwacha naye hataki kusema. Walimnyang'anya kitambaa saa ile ile, pale pale mchangani. Mamangu alimlaumu mpaka siku ya kufa kwake: kwa nini hukusema kwamba huoni? Kisimani sisi tulikuwa tunaitwa watoto wa kipofu. Lakini alikuwa akisoma msahafu bila miwani, unajua? Hilo sijapata kulielewa mpaka leo."

Akanitazama, Rukia. Kimya kile kile! Kimesafiri kutoka mchangani Puthukara mpaka kwenye zulia langu, na kimekuja na sahani.

Unajua nilisema nini? Nilisema, "Biriani hii imeiva vizuri."

Hiyo ndiyo aibu yangu, mwanangu. Ile ya kwanza nilikuwa kijana, mtu anaweza kunitafutia udhuru. Hii ya pili nina mvi mpaka kwenye masikio. Na iko ya tatu, ambayo ni yako: nilijua, nikanyamaza, nikangoja mpaka Ijumaa sheikh amalize nikaha. Nilijiambia nisikuharibie. Nilikuwa naogopa wasikuchukue, na zaidi naogopa wewe usinitazame. Nimekuacha uolewe kwenye nyumba ya Mzee Koya bila kujua babako alimfanyia nini. Kesho wanakupakia kwenye gari, na sebuleni kwao Houston kuna picha yake, nimeiona, amevaa shati jeupe, juu ya televisheni. Utakula chini ya picha hiyo kila siku. Siwezi kukuacha ule chini yake hujui.

Sikupi ujumbe umpelekee mamake Nabil. Mzigo huu ulishabebwa na mtu asiyehusika mara moja, inatosha. Nitasema mwenyewe, leo, kabla ya maghrib, yeye yuko juu pale na hina mkononi hata hawezi kunipiga. Wewe nitakupa karatasi hizi mlangoni. Zisome bafuni, ndiko peke yake kusiko na shangazi. Ukimaliza toka ukae popote unapotaka kukaa. Ukitaka karibu yangu sawa, ukitaka karibu yake sawa zaidi. Nikianza mzaha, nikatize. Sema tu "Baba," nitajua. Na akikasirika, usinitetee. Akilia, usimwambie kwamba babako ni mtu mzuri sana. Mwache alie vile anavyotaka, ni wa kwake yule mzee.

Kama baada ya haya hutanipigia simu kwa muda, nitamwuliza mamako habari zako, nami sitatia chumvi.

Nimekaa humu tangu saa tisa najizoeza maneno. Nayasema kwa sauti, yule jirani wa Eritrea amepita na mbwa wake akadhani nagombana na redio. Nimejizoeza hivi: "Bi Zainaba, aliyepunga ni mimi. Babako alikuwa anaona vizuri. Alikuwa anaona kuliko wote." Mpaka hapo sawa. Halafu kila mara ulimi unataka kuendelea: "Na alinisamehe, maana siku niliyoondoka alinipungia." Nimeyasema mara nne. Mara ya nne nikausikia mdomo wangu, nikaufunga.

Maana wewe una akili, na umefika hapa ukiwa umeshaniuliza: kitambaa si walimnyang'anya siku ile ile? Alipunga nini?

Hakupunga. Basi lilikuwa linasimama mbele ya mlango wake, kwa hiyo nilimwambia Moidu tupite nyuma ya msikiti, kwenye minazi, tukalipandie mbele zaidi. Moidu akaniuliza, "Humwagi mzee?" Nikamwambia tumeagana jana. Sikugeuka nyuma, na hakuna aliyekuwapo wa kumgeukia. Ile ya kupunga niliitunga kwenye meli, usiku wa pili, namenya vitunguu.

Babako.